Deni Langu la Kidato cha Pili: Kwa Nini Korona Iligandisha Damu ya Wazee na Wanene

Wenzangu wa elimu mnajua jinsi TP inavyoweza kukuumbua. Unaingia darasani andalio la somo limesainiwa, zana umezichora hadi saa nane usiku, halafu mtoto wa miaka kumi na minne anauliza swali moja tu na andalio lote linageuka karatasi ya kufungia vitumbua.

Mimi yalinikuta Kidato cha Pili, shule moja ya kata, kwenye mada ya usafirishaji wa vitu katika viumbe hai. Moyo nimeshauchora ubaoni, ateri nyekundu, vena bluu, nimefika kwenye kuganda kwa damu. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, hivi kwa nini korona ilikuwa inaua wazee na mabonge?"

Darasa likaangua kicheko. Nusu yao wakageuka kumtazama binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye mwili wake ni mkubwa kuliko wa wenzake. Mimi badala ya kutuliza darasa nikawahi kujibu, ili nionekane najua: "Wazee kinga yao imechoka, na watu wanene wana mafuta mengi yanayoziba mishipa ya damu." Nikafuta ubao, nikaendelea.

Kipindi kilipoisha binti yule akanifuata hadi mlangoni mwa ofisi ya walimu. Akaniambia mama yake alikuwa mnene, alifariki mwaka 2021, na nyumbani walisema ni changamoto ya upumuaji. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo madam, alijiziba mwenyewe?"

Nilimwambia nitamjibu kesho. Kesho yake nikamkwepa. TP ikaisha siku nne baadaye, nikarudi chuo na deni.

Makala hii ndiyo malipo yake. Nimeiandika hapa kwa sababu nimewauliza wenzangu hosteli swali lile lile, na karibu wote wamenipa jibu nililotoa mimi. Wengi wetu kesho tutakuwa walimu, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, au wazazi tu wa watoto wanaouliza. Jibu langu lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, lakini sehemu iliyomchoma mtoto ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Damu inagandaje kwanza?

Damu inatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Inatakiwa itiririke saa zote bila kusimama, na wakati huo huo iwe tayari kuziba tundu ndani ya dakika chache ukijikata na wembe. Ikizembea, unavuja hadi mwisho. Ikizidisha bidii, inajifunga yenyewe ndani ya mshipa.

Ukijikata, chembe sahani ndizo za kwanza kufika. Protini moja iitwayo fakta ya von Willebrand inazinasa pale kwenye jeraha kama gundi. Nyuma yake kuna mlolongo wa protini nyingine, nyingi zikitengenezwa na ini, zinazoamshana moja baada ya nyingine hadi kufikia trombini. Trombini inachukua fibrinojeni, protini iliyoyeyuka kwenye damu, inaigeuza kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi zinasuka wavu, wavu unashika chembe, tundu limezibwa.

Somo letu la sekondari huwa linaishia hapo. Kuna nusu ya pili ambayo hatuifundishi: kubomoa. Jeraha likishapona, kimeng'enya kiitwacho plazmini kinazikatakata zile nyuzi ili njia ifunguke tena. Vipande vinavyobaki vinaitwa D-dima, na maabara inaweza kuvipima. Ukikuta D-dima nyingi kwenye damu ya mgonjwa, ujue mahali fulani mwilini kuna madonge yanatengenezwa na kubomolewa. Na huyo mbomoaji naye ana breki, protini iitwayo PAI-1, inayomzuia asibomoe kabla ya wakati. Naomba ulishike jina hilo, PAI-1, kwa sababu tutarudi kwake.

Mimi nimeuelewa mfumo huu kwa kufikiria ulinzi shirikishi wa mtaani kwetu. Mwizi akiingia usiku, filimbi inapigwa, vijana wanatoka na kuweka magogo barabarani ili asitoroke. Asubuhi wanakuja wengine kuyaondoa, daladala zipite. Mtaa ukiwa na mwizi mmoja na filimbi moja, mambo yanaenda vizuri.

Mambo matatu ya Virchow

Madaktari wanafundishwa kwamba damu huganda pasipotakiwa kwa sababu tatu, na sababu hizo zimebeba jina la daktari Mjerumani, Rudolf Virchow. Ya kwanza, damu kwenda polepole mno. Ya pili, ukuta wa ndani wa mshipa kujeruhiwa. Ya tatu, damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda kuliko kawaida. Moja likikupata peke yake, mara nyingi unapona. Yote matatu yakikukuta kwa pamoja, uko hatarini kweli.

Jibu zima la swali la yule kijana limo kwenye mambo haya matatu. Virusi vikali vya mapafu vinayaleta yote kwa mpigo. Umri na unene navyo huwa vimeshamsogeza mtu nusu ya njia kabla kirusi hakijafika.

Kirusi kinapopiga hodi

Tulizoea kuiita UVIKO-19 ugonjwa wa mapafu, na ni kweli huanzia huko. Ila mwanzoni mwa 2020 madaktari waligundua kitu kisichofanana na nimonia waliyoizoea. Kwenye hospitali mbili za Wuhan, China, watafiti walifuatilia watu wazima 191 waliolazwa. Vitu viwili vilijitokeza wazi kwa waliofariki: umri mkubwa, na kiwango cha juu cha D-dima siku ya kulazwa. Uholanzi nako, katika hospitali tatu, wagonjwa 184 waliokuwa ICU walichunguzwa, na takriban asilimia 31 walikuwa wameshapata madonge ya damu, mengi yakiwa kwenye mapafu. Wote hao walikuwa wanapewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwaka huo huo watafiti wakalinganisha mapafu ya waliokufa kwa korona na ya waliokufa kwa mafua makali. Madonge madogo kwenye kapilari za vifuko vya hewa yalikuwa mara tisa zaidi kwa wale wa korona.

Kwa nini? Kinga ya mwili ikimwona adui mkubwa, haiiti askari wake peke yao, inaiita na timu ya kugandisha. Si kosa. Wavu wa fibrini unasaidia kunasa vijidudu visisambae, kama magogo yanavyomzuia mwizi. Shida ni pale filimbi inapopigwa mtaa mzima kwa wakati mmoja. Seli za kinga zinamwaga kemikali za kuitana, mojawapo ikiitwa interlukini-6. Kemikali hiyo ikifika kwenye ini, ini linaongeza fibrinojeni. Utando wa ndani wa mishipa, ambao kwa kawaida ni laini kama sahani iliyopakwa mafuta, unachubuka na kuanza kutoa gundi ya von Willebrand. Aina moja ya chembe nyeupe zinatema hadi nyuzi za vinasaba vyao kama nyavu, na chembe sahani zinanasa humo. Juu ya hayo mgonjwa amelala kitandani siku kumi hajatembea, damu ya miguuni inajivuta.

Hesabu mwenyewe: ukuta umejeruhiwa, damu imekuwa nyepesi kuganda, mwendo umepungua. Yote matatu ya Virchow yako ndani. Kila uchochoro una gogo, na sasa hata gari la wagonjwa halipiti. Mtu anavuta hewa, hewa inaingia kwenye vifuko, lakini damu ya kuipokea haifiki.

Nisisitize kwamba si kila kirusi kinafanya hivi. Dengue, ambayo Dar es Salaam tuliiona mwaka 2014 na tena 2019, inapeleka mambo upande wa pili: chembe sahani zinapungua na moja ya hatari zake kubwa ni kuvuja damu. Kwa hiyo usije ukasoma makala hii halafu ukaanza kumeza aspirini kila ukipata homa. Mwenye dengue akimeza aspirini anajiongezea hatari ya kutoka damu. Dawa za kuzuia damu kuganda ni za kuandikiwa na daktari baada ya vipimo.

Umri unaingiaje?

Nilisema darasani kwamba kinga ya wazee imechoka. Kuna ukweli, kinga yao inachelewa kumtambua adui mpya. Lakini upande wa damu, shida inakaribia kuwa kinyume: mfumo wa kugandisha haujachoka hata kidogo, umezidi kuwa mwepesi wa kushtuka.

Miaka inavyokwenda, kiwango cha fibrinojeni kinapanda. Fakta ya nane, ambayo ni mmoja wa wale wanaoamshana kwenye mlolongo, inapanda. Gundi ya von Willebrand inapanda. Yule PAI-1 mwenye breki naye anaongezeka, maana yake magogo yakiwekwa hayaondolewi haraka. Utando wa mishipa unapunguza kutengeneza gesi ya naitriki oksidi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuilegeza mishipa na kuzizuia chembe sahani zisishikane. Misuli ya ndama za miguu, ambayo ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, inasinyaa, na milango ya vena inalegea.

Matokeo yake yanaonekana hata bila korona. Katika takwimu za nchi zinazofuatilia jambo hili, donge la damu kwenye vena humpata karibu mtoto 1 kati ya 100,000 kwa mwaka. Kwa watu wazima kwa jumla ni karibu 1 kati ya 1,000. Ukifika uzeeni kabisa inakaribia 1 kati ya 100. Ndiyo maana hata maabara zinamtazama mzee kwa jicho jingine. Kijana akipimwa D-dima, mpaka wa kawaida ni mikrogramu 500 kwa lita. Kwa waliovuka miaka 50, madaktari wengi sasa huzidisha umri kwa kumi, kwa hiyo mzee wa miaka 70 mpaka wake ni 700. Mzee mzima wa afya, asiyeumwa chochote, tayari anagandisha na kubomoa zaidi yako wewe.

Sasa mlete kirusi kwenye mtaa huo, ambao walinzi wake wameshakaa macho miaka na filimbi mdomoni. Filimbi ile ile ambayo kwa kijana ingeleta magogo mawili, hapa inaleta ishirini.

Na unene je?

Hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi. Mimi nilimfikiria mtu mnene kama bomba la jikoni lililojaa mafuta yaliyoganda. Mafuta ya tumboni na chini ya ngozi hayaingii ndani ya mshipa yakauziba. Kuna mafuta ya kolesteroli yanayojenga utando kwenye kuta za ateri, ni kweli, lakini hilo ni jambo jingine na linawapata hata watu wembamba kama fimbo.

Kumbe mafuta ya mwili ni kiungo. Yanatengeneza kemikali na kuzimwaga kwenye damu, kama tezi. Seli za mafuta zikivimba kupita kiasi, zile za katikati zinakosa oksijeni ya kutosha, nyingine zinakufa, na seli za kinga zinahamia pale kusafisha. Zikishahamia hazikai kimya. Zinatoa ile interlukini-6 kidogo kidogo, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Ini likiipokea linaongeza fibrinojeni. Mafuta yenyewe, hasa yale ya ndani ya tumbo yanayozunguka utumbo, yanatoa PAI-1 kwa wingi. Yaani mtu anaongezewa vya kugandishia, halafu anafungiwa breki kwenye kubomoa. Hilo ndilo jambo la tatu la Virchow.

La kwanza nalo lipo. Tumbo kubwa linabana vena inayorudisha damu kutoka miguuni, damu inapanda kwa shida. Linasukuma pia kiwambo juu, sehemu za chini za mapafu hazifunguki vizuri, na mtu akiugua nimonia oksijeni yake inashuka haraka. Oksijeni ikishuka, mishipa inazidi kuchokozeka. Hata kabla ya korona ilijulikana kwamba unene uliopitiliza unaongeza takriban mara mbili uwezekano wa kupata donge la damu kwenye vena.

Unene uliopitiliza kitabibu ni BMI ya 30 au zaidi. Unachukua uzito wako kwa kilo, unaugawa kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 anafika 30 akiwa na karibu kilo 77. Ni kipimo chepesi na kina upungufu wake, kwa sababu hakitofautishi misuli na mafuta, wala mafuta ya nyonga na ya tumbo, wakati ya tumbo ndiyo machokozi zaidi.

Vinapokutana

Mwaka 2009, mafua ya H1N1 yalipozunguka dunia, madaktari waliona kwa mshangao kwamba wanene walikuwa wengi miongoni mwa waliozidiwa, hata vijana. Korona ikarudia somo lile kwa sauti kubwa. Marekani walikusanya taarifa za watu wazima 148,494 walioonekana hospitalini na korona kati ya Machi na Desemba 2020. Asilimia 50.8 walikuwa na unene uliopitiliza.

Tusomeni namba hiyo kwa makini, tusije tukafanya kosa la haraka. Marekani kwa jumla wakati huo karibu asilimia 42 ya watu wazima walikuwa na unene huo, kwa hiyo 50.8 si kubwa kama inavyosikika mara ya kwanza. Kilichonishtua mimi ni kingine. Uhusiano wa BMI kubwa na kulazwa au kufa ulikuwa mkali zaidi kwa walio chini ya miaka 65 kuliko kwa wazee. Nikajiuliza kwa nini, nikapata jibu kwenye yale yale tuliyoyapitia. Mzee mwembamba tayari mfumo wake wa kugandisha uko juu kwa sababu ya umri. Kijana mwembamba uko chini. Kijana mnene unapandishwa na mafuta hadi kukaribia pale alipo mzee. Umri na unene vinapita njia moja, vyote vikipandisha fibrinojeni, vyote vikiongeza PAI-1. Aliye na miaka 60 na kilo za ziada anabeba mizigo miwili, kisha kirusi kinakuja kuongeza wa tatu.

Hata hivyo, hatari ni hesabu ya watu wengi. Haimwambii mtu mmoja kitakachompata. Watu wanene walio wengi walipata korona wakapona, na wembamba wapo waliokufa. Unene wenyewe pia hauji kwa ulafi peke yake. Kuna vinasaba, kuna dawa za muda mrefu, kuna kukosa usingizi, kuna kazi ya kukaa saa kumi na mbili kwenye kibanda cha miamala, kuna ukweli kwamba sahani ya chipsi ni rahisi kuipata mjini kuliko matunda. Nani kati yetu boom likikaribia kuisha hajalala na chipsi kavu?

Dawa, chanjo na yaliyosemwa mtaani

Jambo moja nililojifunza limenifanya niwaheshimu zaidi madaktari: wakati ni kila kitu. Heparini, sindano inayozuia damu kuganda, ilijaribiwa kwa dozi kubwa katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2021. Waliolazwa lakini hawajazidiwa iliwasaidia. Waliokwisha kufika ICU haikuwasaidia, na kutoka damu kulikuwepo. Magogo yakishajaa kila uchochoro, kuwakataza vijana wasiongeze mengine hakufungui njia. Deksamethasoni, dawa ya bei ndogo inayotuliza kinga, ilionyesha nchini Uingereza mwaka 2020 kwamba inapunguza vifo kwa wanaohitaji oksijeni. Yenyewe inawapunguza kelele wapiga filimbi.

Ukitaja damu kuganda, lazima mtu aseme: "Si ndiyo hiyo chanjo?" Tulipokea chanjo ya Johnson & Johnson Julai 2021 na stori hiyo ikazunguka vyuo vyote. Ukweli ni kwamba chanjo hiyo ilileta tatizo la nadra sana la damu kuganda, Marekani takriban watu 4 kwa kila dozi milioni moja. Lakini njia yake ni tofauti kabisa: kinga ya mtu inatengeneza silaha dhidi ya protini ya chembe sahani zake mwenyewe. Haihusiani na uzito wala uzee, na iliwapata zaidi wanawake ambao bado si wazee. Kuvichanganya vitu hivi viwili kuliwafanya baadhi ya wazee na wanene, ambao ndio waliohitaji kinga zaidi, waikimbie chanjo kwa kuogopa kitu ambacho ugonjwa wenyewe ulikuwa unakileta mara nyingi zaidi.

Na nyungu? Mvuke unaweza kufungua pua iliyoziba na kumpa mtu nafuu ya kifua. Hauna njia ya kuyeyusha donge lililo kwenye kapilari. Tatizo la nyungu lilikuwa zile siku tatu nne ambazo mgonjwa alibaki nayo nyumbani huku pumzi ikikata.

Tunachoweza kufanya

Umri hatuwezi kuurudisha nyuma. Mengine tunayaweza. Uzito ukipungua hata kidogo, PAI-1 nayo inashuka. Kutembea kunaamsha pampu ya ndama za miguu, na mazoezi ya kawaida yanawasaidia wabomoaji kufanya kazi yao. Kipindi cha UE, tunapokaa maktaba kuanzia asubuhi hadi wanafunga, inuka kila baada ya saa moja uzunguke. Ukipanda basi la Dar kwenda Bukoba, chezesha miguu, shuka kila linaposimama, kunywa maji.

Ukiwa na mzee au ndugu mnene nyumbani anayeumwa homa na kikohozi, usimwache alale siku nzima bila kugeuka wala kuketi, kama nguvu anazo. Na zijue dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri kikao cha ukoo: mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko mwingine, pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma akivuta hewa, kukohoa damu, mdomo au upande mmoja wa mwili kulegea. Mwambieni daktari umri wake na uzito wake bila aibu. Vinabadilisha namna anavyomchunguza, na wakati mwingine hata dozi.

Jibu

Wiki mbili zilizopita nilimwomba mwalimu wa somo wa ile shule anisaidie, nikamtumia ujumbe mrefu wa kumpa yule binti. Nimeandika hivi, kwa kifupi.

Mdogo wangu, mama yako hakujiziba. Sijui kilichomuua hasa, kwa sababu hakupimwa, na sitaki kukudanganya mara ya pili. Ninachojua ni kwamba kuwa mnene kunaufanya mwili uwe na vitu vingi vya kugandisha damu na vichache vya kuyeyusha, bila mwenyewe kusikia wala kuchagua. Kirusi kikija, kinaukuta mwili huo umeshakaa tayari. Hayo yalikuwa yanatokea ndani ya damu yake, kwenye mishipa midogo isiyoonekana kwa macho. Hakuna chakula kimoja alichokula ukasema hicho ndicho. Nililosema darasani kuhusu mafuta kuziba mishipa nilikosea, na nimemwomba mwalimu awasomee wenzako sehemu hii pia.

Kwenye daftari langu la maandalio ya TP, chini kabisa ya kipindi kile, pale panapoandikwa tathmini ya somo, nilikuwa nimejaza kama sisi wote tunavyojaza: "Somo limefundishwa na wanafunzi wameelewa." Msimamizi alisaini. Nimelifungua tena juzi, nikaukata mstari ule kwa peni nyekundu, nikaandika pembeni: kipindi hiki kirudiwe.